HATI YA MAFAO YA MAREKANI INAPOPOTEA KABLA YA KUWASILISHA RITANI YA KODI

Kila unapoingia mwezi wa Januari, Idara ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, ijulikanayo zaidi kwa herufi SSA, humpelekea kwa njia ya posta kila aliyelipwa mafao yake katika mwaka uliomalizika hati yenye namba SSA-1099. Hati hiyo hueleza jumla ya fedha alizolipwa mhusika tokea Januari hadi Disemba ya mwaka huo. Wanaoipokea ni wastaafu, wajane na wagane, watu walioacha kazi kwa sababu ya ulemavu, pamoja na watoto wa marehemu wenye haki ya mafao ya mzazi wao. Miongoni mwao wamo wenye asili ya Unguja na Pemba waliofanya kazi Marekani, ambao baadhi yao wangali huko na baadhi wamerejea nyumbani huku mafao yao yakiendelea kulipwa.

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hati hii si cheki wala si risiti ya kawaida. Ni kumbukumbu ya kodi. Tarakimu zilizomo ndizo zinazoandikwa katika ritani ya kodi ya mapato ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutakiwa iwe imewasilishwa ifikapo tarehe 15 Aprili. Tarakimu hizo hizo hupelekwa na SSA kwa Idara ya Mapato ya nchi hiyo, yaani IRS. Kwa hivyo mtoza kodi huwa na habari zake mwenyewe za kiasi kilicholipwa, na hulinganisha kilichoandikwa na mlipaji na kile alichopelekewa na SSA.

Pamoja na uzito wake, hati hii hupotea kwa wepesi. Hufika katika msimu uleule wa barua za benki na matangazo ya makampuni ya bima, na aghlabu huchanganywa nayo na kutupwa. Aliyehama nyumba bila ya kuijulisha SSA hupelekewa katika anuani yake ya zamani, hata kama ameshaijulisha IRS, kwani kila idara ina daftari lake la anuani. Kwa anayeishi visiwani hali huwa nzito zaidi: barua hutegemea sanduku la posta ambalo pengine ni la jamaa, la skuli au la mahali pa kazi pa mmoja wa watoto, na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri.

Basi inapofika Machi na hati haionekani, wako wanaoshika njia iliyo karibu nao. Huchukua taarifa ya benki, hujumlisha malipo kumi na mawili yaliyoingia, na jumla hiyo wakaiandika katika ritani. Njia hiyo ni ya makosa, na ubaya wake ni kuwa kosa lenyewe halionekani kwa mwandishi wa ritani mpaka barua ya IRS imfikie, pengine baada ya mwaka mzima au zaidi.

FEDHA ZILIZOINGIA BENKI SI TARAKIMU YA HATI

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Kinachoingia benki ni kile kinachobaki baada ya makato, lakini hati huonyesha kiasi kilichostahiki kabla ya makato. Kato lililoenea zaidi ni la Medicare, ambayo ni bima ya afya ya Serikali kwa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na kwa baadhi ya wenye ulemavu. Sehemu B ya bima hiyo, inayogharimia madaktari na matibabu ya mgonjwa asiyelazwa, ilikuwa na ada ya kawaida ya dola 185 kwa mwezi katika mwaka 2025, na kwa mwaka 2026 ada hiyo imepandishwa hadi dola 202.90. Kwa aliyekwisha anza kupokea mafao, ada hukatwa humo humo kabla fedha hazijatoka SSA. Aliyeomba akatwe kodi ya mapato mapema, kwa kujaza fomu namba W-4V, hukatwa na hiyo pia.

Ichukuliwe mfano wa mstaafu mmoja asiye na mke, mwenye umri wa zaidi ya miaka 65, ambaye katika mwaka 2025 mafao yake yalikuwa dola 1,600 kwa mwezi. Baada ya kukatwa dola 185 za Medicare, benki ilipokea dola 1,415. Kwa miezi kumi na miwili taarifa ya benki itaonyesha dola 16,980. Hati ya SSA-1099 itaonyesha dola 19,200. Tofauti ni dola 2,220, na fedha hizo zote katika hesabu ya kodi ni mafao aliyolipwa, ingawa hakuzitia mkononi.

Ikiwa mstaafu huyo ana pencheni nyengine ya dola 30,000 kwa mwaka kutoka kwa aliyekuwa mwajiri wake, basi kwa kanuni zitakazoelezwa hapa chini sehemu ya mafao inayoingia katika kodi ni dola 9,260. Akitumia tarakimu ya benki atapata dola 8,316.50. Kodi iliyopungua, kwa kiwango cha asilimia 12 kinachomhusu, ni dola 113 na senti kidogo. Kiasi hicho si kikubwa kwa mtu mwenye kipato hicho. Kinacholeta usumbufu ni yale yanayofuata: IRS hupeleka barua ya mapendekezo ya kurekebisha hesabu, ikidai kodi iliyopungua pamoja na riba, na mhusika hupewa siku 30 za kujibu, au 60 kwa aliye nje ya Marekani. Barua hiyo nayo hupelekwa kwa posta, katika anuani ile ile ambayo hati ya kwanza ilipotelea. Asipojibu, hatua za kudai huendelea bila yeye kujua.

Wako pia wanaokosea kwa upande wa pili, wakajidai wenyewe zaidi ya wanachodaiwa. Karibu na mwisho wa kila mwaka SSA hutoa barua nyengine, inayotangaza kiasi kipya cha mafao baada ya nyongeza ya kupanda kwa gharama za maisha. Kwa mwaka 2026 nyongeza hiyo ni asilimia 2.8. Barua hiyo inahusu mwaka unaokuja, na haihusiani na ritani ya mwaka uliopita. Mwenye kuipokea akazidisha kiasi kipya mara kumi na mbili ataandika mapato ambayo hajayapata. Vile vile iko barua ya kuthibitisha mafao, ambayo watu huitumia kwa mabenki na wenye nyumba za kupangisha. Nayo si badala ya SSA-1099.

Katika hati yenyewe visanduku vinavyohitaji kuangaliwa ni vichache. Kisanduku cha 3 huonyesha mafao yote yaliyolipwa katika mwaka. Cha 4 ni mafao yaliyorejeshwa SSA, kwa mfano pale mtu alipolipwa zaidi ya haki yake. Cha 5 ni tofauti ya viwili hivyo, na ndiyo tarakimu inayohamishiwa katika fomu ya kodi namba 1040, mstari wa 6a. Kisanduku cha 6 huonyesha kodi iliyokwisha katwa kwa hiari ya mwenyewe. Hiki wengi hukisahau wanapofanya hesabu bila ya hati, na hapo mwenye kupunjika huwa ni mlipaji mwenyewe, maana kodi aliyokwisha kuilipa huilipa tena. Chini ya kisanduku cha 3 huwa pameorodheshwa ada za Medicare zilizokatwa, ambazo baadhi ya walipa kodi huweza kuziingiza katika gharama zao za matibabu.

Jambo jengine la kuzingatia ni kwamba juu ya hati ya SSA-1099 pameandikwa kuwa isirejeshwe SSA wala IRS. Kwa lugha nyengine, ritani ya kawaida haihitaji kuambatishwa karatasi hiyo. Kinachohitajika ni tarakimu zilizomo, na tarakimu hizo zinaweza kupatikana bila ya kuisubiri posta.

NI NANI ANAYETOZWA

Si kila mwenye mafao hutozwa kodi juu yake. Mafao ya mwanzo ya kila mwezi yalilipwa Januari 1940, ambapo Bibi Ida May Fuller wa jimbo la Vermont alipokea cheki ya dola 22.54, na kwa zaidi ya miaka arubaini baada ya hapo mafao hayakutozwa kodi ya Serikali Kuu hata senti moja. Utaratibu huo ulibadilishwa na sheria iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan mwezi wa Aprili 1983, ambayo ilianza kutumika kwa mafao ya mwaka 1984. Sheria nyengine ya mwaka 1993, wakati wa Rais Bill Clinton, iliongeza kiwango cha juu.

Kwa mujibu wa sheria hizo, mlipaji huchukua nusu ya mafao yake, akaijumlisha na mapato yake mengine yote, ikiwemo riba ambayo kwa kawaida haitozwi kodi. Jumla ikiwa haizidi dola 25,000 kwa asiye na mume au mke, au dola 32,000 kwa mume na mke wanaowasilisha ritani moja, mafao yote husalimika. Ikizidi hapo, hadi nusu ya mafao huweza kuingizwa katika kodi. Ikivuka dola 34,000 kwa mmoja, au dola 44,000 kwa wawili, kiwango huweza kufika asilimia 85. Asilimia hizi ni sehemu ya mafao inayohesabiwa kuwa pato, na hazimaanishi kuwa Serikali huchukua asilimia 85 ya fedha za mzee, kama inavyosemwa barazani. Mume na mke wanaoishi pamoja lakini wakawasilisha ritani mbali mbali hawana kiwango cha msamaha. Hesabu yao huanzia dola ya kwanza.

Viwango hivyo havijapandishwa tangu vilipowekwa, ingawa mishahara, pencheni na bei za vitu zimepanda mara nyingi. Matokeo yake ni kuwa kila mwaka huongezeka wazee wanaoingia katika kodi hii ambao hapo mwanzo haikukusudiwa iwafikie, na wengi wao hawana mazowea ya kutunza hati.

Mnamo tarehe 4 Julai 2025 ilitiwa saini sheria mpya ya kodi ambayo wengi wameielewa vibaya. Ilienea habari kwamba mafao ya hifadhi ya jamii hayatozwi tena kodi, na wako waliosema kuwa hati ya SSA-1099 sasa haina kazi. Sivyo. Sheria hiyo imetoa punguzo la ziada la hadi dola 6,000 kwa kila mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028, na punguzo hilo hupungua kwa mwenye mapato yanayozidi dola 75,000, au dola 150,000 kwa mume na mke. Ni kweli kuwa wazee wengi watajikuta hawana kodi ya kulipa kwa sababu yake. Lakini kanuni ya kuyahesabu mafao haikufutwa, na mstari wa 6a ungali pale pale. Mwenye umri wa chini ya miaka 65 anayepokea mafao ya ulemavu au ya ujane hahusiki na punguzo hilo kabisa.

Wanaopokea msaada wa SSI peke yake, ambao ni msaada kwa wazee na wenye ulemavu wasio na uwezo, hawapelekewi hati hii kwa kuwa msaada huo hautozwi kodi. Hao wasihangaike kuitafuta.

NAMNA YA KUPATA HATI NYENGINE

Njia ya haraka ni akaunti ya mtandao ya SSA iitwayo my Social Security, iliyomo katika anuani ya ssa.gov. Kuanzia tarehe 1 Februari hati ya mwaka uliopita huwa imo katika akaunti hiyo, na mwenyewe anaweza kuiona, kuihifadhi na kuichapisha wakati huo huo. Nakala hiyo ina nguvu sawa na ile iliyokuja kwa posta. Kuingia hufanywa kwa kupitia Login.gov au ID.me, ambazo humtaka mtu athibitishe utambulisho wake kwa kitambulisho na namba yake ya hifadhi ya jamii. Hatua hiyo ya uthibitisho ndiyo inayowakwamisha wazee, kwani hutaka simu, picha na subira. Inapendeza mwenye nia ya kurejea nyumbani aifungue akaunti hiyo angali Marekani, ambako simu yake inapatikana na afisi iko karibu.

Mtoto anayemsaidia mzazi wake anaruhusiwa kukaa naye na kumwelekeza, lakini haruhusiwi kuifungua akaunti kwa jina la mzazi na kuitumia kana kwamba ni yeye. Hata idhini ya mdomo ya mzazi haiondoi katazo hilo. Ushauri huu hauwapendezi wengi, hasa pale mzee anapokuwa Wete na mtoto yuko Ohio, lakini ni sheria.

Asiyetumia mtandao anaweza kupiga simu ya SSA namba 1-800-772-1213, ambayo ndani ya Marekani haina malipo. Watumishi hupokea simu siku za kazi kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 1:00 usiku kwa saa za mahali pa mpigaji. Iko pia sauti ya mashine inayoweza kupokea ombi la hati bila ya kumngojea mtumishi. Kwa njia ya simu hati mpya hupelekwa kwa posta katika anuani iliyomo katika kumbukumbu, kwa hivyo aliyehama aanze kwa kurekebisha anuani, la sivyo hati ya pili itaifuata ya kwanza. Njia ya tatu ni kwenda katika afisi ya SSA iliyo karibu, na kwa wakati huu ni vyema kupiga simu kwanza na kupanga miadi kabla ya kwenda.

Pale njia hizo zote zinapochelewa, mlipaji anaweza kuigeukia IRS yenyewe. Idara hiyo hutoa bila ya malipo nakala ya kumbukumbu za mapato ya mtu kama zilivyoripotiwa na waliomlipa, yakiwemo mafao ya SSA. Hupatikana katika akaunti ya mtu ya mtandao wa IRS, au kwa kujaza fomu namba 4506-T na kuipeleka kwa posta. Kasoro yake ni kuwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka kumbukumbu za mwaka uliopita huwa bado hazijakamilika. Kwa miaka ya nyuma, hata hivyo, ndiyo njia ya kutegemewa na mtu aliyepoteza hati kadhaa kwa pamoja.

Huduma zote hizi hazina ada. Anayedai malipo ili ampatie mtu hati yake ya SSA-1099, iwe kwa simu, kwa barua au kwa ujumbe wa mtandao, ni tapeli. Kadhalika anayejitambulisha kuwa afisa wa SSA na kutishia kuzuia mafao mpaka alipwe kwa kadi za zawadi za madukani au kwa hawala. Hati yenye jina la mtu na habari za mafao yake ni mali kwa wezi wa namna hiyo, na aliyepoteza hati pamoja na mkoba au bahasha ya nyaraka zake anashauriwa kuangalia pia kama kuna mtu aliyewasilisha ritani kwa jina lake.

WANAOISHI NJE YA MAREKANI

Hapa inabidi kutenganisha makundi mawili, kwa kuwa hati zao si moja.

Raia wa Marekani hutozwa kodi na nchi hiyo popote anapoishi. Akiwa Unguja, Muscat au Toronto, hupelekewa SSA-1099 ile ile na huwasilisha fomu 1040 ile ile. Anachoongezewa ni muda: raia ambaye makaazi yake na kazi yake viko nje ya nchi hupewa hadi tarehe 15 Juni bila ya kuomba. Ila riba ya kodi isiyolipwa huhesabiwa tokea tarehe 15 Aprili.

Asiyekuwa raia wala mkaazi kwa mujibu wa sheria za kodi, naye anaishi nje, hupelekewa hati nyengine yenye namba SSA-1042S. Kundi hili hukatwa kodi kabla fedha hazijatoka. Kiwango ni asilimia 30 ya sehemu ya asilimia 85 ya mafao, sawa na asilimia 25.5 ya mafao yote. Kwa kila dola 1,000 hukatwa dola 255, na mhusika hupokea dola 745. Wako wanaosamehewa kwa mikataba ya kodi baina ya Marekani na nchi wanazokaa, kama wakaazi wa Uingereza, Kanada, Ujerumani na Misri. Tanzania haina mkataba wa namna hiyo na Marekani, wala Kenya. Mara nyingi mtu wa kundi hili ambaye hana pato jengine la Marekani hahitaji kuwasilisha ritani, kwa vile kodi yake imekwisha katwa yote, na hati kwake ni ushahidi wa kuhifadhi tu.

Liko, hata hivyo, tatizo linalowapata wenye kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Mtu wa namna hiyo, maadamu hajaiacha hadhi yake, ni mkaazi mbele ya sheria ya kodi hata akiwa nje, na hastahiki kukatwa hizo asilimia 25.5. Lakini SSA ikiona anuani ya nje na mtu si raia, huweza kumkata. Fedha hizo hurejeshwa kwa kuwasilisha fomu 1040, na katika dai hili, tofauti na ritani ya kawaida, hati hutakiwa iambatishwe: nakala ya SSA-1042S, nakala ya kadi ya ukaazi, na tamko lililotiwa saini. Robo ya mafao ya mwaka mzima huweza kukaa mikononi mwa Serikali ya Marekani kwa kukosekana kwa karatasi moja. Kwa hiyo wenye kadi hizo wana sababu kubwa kuliko wengine ya kuifuatilia hati yao mapema.

Namba ya simu ya bure haitumiki ipasavyo kutoka nje. SSA ina afisi maalumu ya shughuli za kimataifa, na baadhi ya balozi za Marekani zina vitengo vya mafao vinavyohudumia nchi zaidi ya moja. Katika mtandao wa ssa.gov imo orodha inayoonyesha kila nchi inahudumiwa na kituo gani, na ndiyo ya kutazamwa kabla ya kufunga safari ya boti hadi Dar es Salaam.

ILIPOCHELEWA

Ikikaribia tarehe 15 Aprili na tarakimu sahihi hazijapatikana, njia ya salama ni kuomba muda kwa fomu namba 4868, ambayo husogeza tarehe ya kuwasilisha hadi 15 Oktoba. Fomu hiyo huongeza muda wa kuandika, haiongezi muda wa kulipa. Anayetarajia kudaiwa akadirie na alipe pamoja na ombi. Faida yake huonekana katika viwango vya adhabu. Kutowasilisha ritani kwa wakati huadhibiwa kwa asilimia 5 ya kodi iliyobaki kwa kila mwezi, mpaka ifike asilimia 25, ilhali kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi. Asiyedaiwa kitu hana cha kuadhibiwa kwa viwango hivyo.

Aliyekwisha wasilisha kwa tarakimu za benki, kisha hati ikatokea nyuma ya kabati, asingoje barua ya IRS. Arekebishe kwa fomu namba 1040-X. Ikiwa alisahau kodi iliyokatwa katika kisanduku cha 6, marekebisho hayo humrejeshea fedha zake, na kwa kawaida huwa na miaka mitatu ya kufanya hivyo tokea alipowasilisha.

Kuhusu marehemu, hati hupelekwa kwa jina lake katika Januari inayofuata, na mjane au msimamizi wa mirathi ndiye anayewasilisha ritani yake ya mwisho. Hati hiyo ikipotea isitafutwe katika akaunti ya mtandao ya marehemu, bali iombwe SSA kwa simu au afisini, kwa kuonyesha uthibitisho wa kifo na wa usimamizi. Mafao ya mwezi aliofariki mtu hayalipwi. Yakiwa yameingia benki hurejeshwa, na yakirejeshwa ndani ya mwaka huo huo huonekana katika kisanduku cha 4. Msimamizi anayejumlisha fedha za benki bila ya hati huweza kuyahesabu kuwa pato la marehemu, na kuyalipia kodi kutoka katika mirathi.